Mziki mnene nyumbani: kila mtu na ugonjwa wake

Leo tuongelee mziki wa ndani, yaani redio, spika na sabufa za sebuleni. Pita uswahilini Jumamosi asubuhi watu wakiwa wanafua, utajua nani ana nini bila hata kuingia kwake. Ila hawa jamaa ukiwachunguza hawafanani. Kila mmoja anatafuta kitu chake kwenye spika, na muuza duka akishaujua ugonjwa wako, hela yako imeliwa.

Walio wengi ni Wazee wa Wati. Huyu haulizi redio inaliaje, anauliza ina wati ngapi. Akiona boksi limeandikwa PMPO 12,000W anatoa pesa palepale. Sasa sikilizeni. PMPO ni namba ya kibiashara, inahesabu mshtuko wa kufumba na kufumbua, na hakuna kipimo kimoja ambacho viwanda vyote vinakifuata. Namba ya kuangalia ni RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaitoa mfululizo. Kama RMS haipo, geuza mashine nyuma usome inakula umeme kiasi gani. Ikiandikwa 60W, haiwezi kukupa 12,000W mfululizo, labda iwe na bwawa la Mtera ndani yake. Nguvu inayotoka haizidi iliyoingia, na inayoingia ni ya LUKU yako.

Na hata wati za ukweli zina mambo yake. Ukitoka wati 50 kwenda 100 kwa spika zilezile unaongeza desibeli 3 tu, tofauti unaisikia kwa mbali. Ili sikio likubali kwamba sauti sasa ni mara mbili, unahitaji kama mara 10 ya wati ulizokuwa nazo. Ndio maana mtu anabadilisha mashine, anafika home anaona mbona ni kilekile. Basi anapandisha sauti hadi mwisho, besi hadi mwisho. Mashine ikizidiwa inakata vichwa vya mawimbi ya sauti, hapo yanazaliwa makelele membamba ambayo hayakuwemo kwenye wimbo, yanaenda moja kwa moja kwenye twita. Twita inaungua, jamaa anasema kauziwa spika feki.

Fundi wa Kitaa ndiye ninayemkubali mimi. Hanunui kipya. Anachukua pawa saplai ya kompyuta iliyokufa kwa sababu inatoa volti 12, anaipigia amplifaya ya gari, spika ya inchi 12 kaitoa kwa mshkaji, boksi kalichonga mwenyewe kwa plaiwudi. Anajua kitu ambacho wengi hawajui, kwamba besi inategemea sana boksi. Spika ikiwa uchi, sauti inayotoka mbele inakutana na inayotoka nyuma, zinauana, besi inapotea. Ukiifungia vizuri inarudi. Tatizo lake moja tu, kazi haiishi. Kila ukienda kwake waya ziko nje, "subiri kidogo nirekebishe hapa", wimbo mzima hamjawahi kuumaliza.

Halafu kuna wazee wetu wa santuri na kanda, wenye Mbaraka Mwinshehe na Msondo kwenye kabati la kioo. Hawa hawana shida na mtu. Besi si hoja kwao, wanataka wasikie gitaa na maneno. We usiguse tu.

Wenye hatari mfukoni ni Masikio ya Dhahabu. Huyu anakwambia waya wa kawaida unaharibu sauti, lazima ununue wa bei mbaya. Mwaka 2007 Mmarekani James Randi aliahidi dola milioni 1 kwa atakayeweza kutofautisha, kwa kusikiliza tu, waya wa spika wa Pear uliouzwa dola zaidi ya 7,000 na waya wa kawaida. Likazuka zogo, ila jaribio lenyewe halikufanyika. Mimi nasema waya wa shaba mnene kiasi unatosha kabisa sebuleni.

Wa mwisho ni DJ wa Mtaa, ambaye hajisikilizii, anawasikilizisha. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki, ila zikifika 90 zinabaki saa 4 tu. Yeye anazimaliza kabla ya chakula cha mchana. Kibaya zaidi ni besi. Wimbi la herzi 50 lina urefu wa karibu mita 7, ukuta wa tofali hausaidii sana. Ndani kwake kuna sehemu akikaa haisikii vizuri, anaongeza, kumbe mtoto wa jirani anaipata yote kitandani.

Kwa hiyo kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo kutafuta sabufa kubwa zaidi, isogeze uliyonayo kwenye kona ya chumba. Besi inaongezeka bure. Ila kama kona hiyo imepakana na chumba cha kulala cha jirani, chagua nyingine.