Kifataki kidogo, kishindo kikubwa: Siri yake ni nini?

SIKUKUU zinapowadia, watoto wengi mijini hupenda kurusha sakafuni vile vifataki vidogo vya karatasi nyeupe vilivyosokotwa mkia. Kikigonga chini, hulia "pa!" bila kuwashwa kwa kiberiti. Je, mzazi, umewahi kujiuliza ndani mna nini?

Mna changarawe zilizopakwa kemikali iitwayo fulmineti ya fedha. Kiasi chake ni kidogo mno, takriban miligramu 0.08. Changarawe zikigongana, msuguano wake huilipua.

Kemikali hii ni muungano wa fedha, kaboni, naitrojeni na oksijeni. Humo, naitrojeni na oksijeni zimeshikana kwa udhaifu, mithili ya mtego wa panya uliokwisha tegwa. Ukiguswa kidogo, hufyatuka. Kufumba na kufumbua, atomi za naitrojeni hushikana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu nyingi, joto na gesi hutoka kwa ghafla, nawe husikia mlio.

Ajabu ni kwamba kuna kemikali nyingine, sianeti ya fedha, yenye atomi zile zile kwa idadi ile ile, lakini haina ukali huo. Katika miaka ya 1820, Wajerumani Justus von Liebig na Friedrich Wöhler, kila mmoja akichunguza yake, walipata hesabu moja. Wanasayansi wakajifunza kwamba si atomi tu zinazohesabika, bali pia jinsi zilivyopangwa.

Hata neno fataki lina historia. Zamani lilitumiwa pia kwa kile kikombe kidogo cha madini kilichogongwa na nyundo ya gobore ili kuwasha baruti. Humo mlitiwa sana fulmineti ya zebaki, ambayo Mwingereza Edward Howard aliieleza mwaka 1800.

Kifataki kimoja hakina nguvu nyingi. Hatari huanza pale mtoto anapovifungua ili akusanye unga wake, au anapovishindilia vingi chupani. Haba na haba hujaza kibaba, na hata pungufu sana ya kibaba cha unga huu yaweza kung'oa vidole na kupofusha macho.

Basi wazazi, wafundisheni watoto wavirushe chini kimoja kimoja, wasimlenge mtu, wala wasivitie mdomoni. Mwenye hamu ya kujua zaidi na amwulize mwalimu wake wa kemia, asijaribu mwenyewe jikoni.