Nyumba Mpya (7): Dishi Litafutiwe Mahali Kabla ya Plasta

Zamani waliokuwa wakijenga huku Mnyuzi waliniuliza juu ya choo na tangi la maji. Tangu CAF ilipozipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa AFCON ya 2027, wananiuliza juu ya dishi. Vema. Tulipoachana wiki iliyopita mabati yalikuwa juu na plasta bado. Huu ndio wakati wake, ingawa mafundi wengi hulikumbuka dishi rangi ikishakauka.

Siwezi kuligusa dishi bila kwanza kuwapeleka Malindi. Oktoba 1945, Mwingereza Arthur C. Clarke aliandika katika jarida la Wireless World kwamba chombo kikiwekwa juu ya Ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini, kitazunguka sambamba na dunia, na kwa sisi wa chini kitaonekana kimesimama. Ndiyo maana dishi hukazwa bolti mara moja likatulia.

Na Ikweta ni jirani yetu. Mnyuzi iko nyuzi 5 na kidogo kusini yake, Malindi kama nyuzi 3. Profesa Luigi Broglio na Waitaliano wenzake waliupenda ujirani huo, wakasimamisha jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka hapo huondoka na kasi ya mzunguko wa dunia kama mtaji wa bure. Tarehe 26 Aprili 1967 wakarusha setilaiti yao, San Marco 2. Kisha 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, ikapaa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei angani, na msimamizi wa mradi, Bi. Marjorie Townsend, akaiita Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi hiyo pekee, ikaorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo. Haikuwa ya televisheni, wala haikufika juu kama alivyowaza Clarke. Hata hivyo, naumia mtoto wa Korogwe anapomaliza shule hajapata kusikia kwamba chombo chenye jina la Kiswahili kiliondoka mwambao huu huu.

Broglio alichagua mahali kwanza, jukwaa likafuata. Sisi tunamaliza nyumba, halafu tunaanza kutoboa. Wana Mnyuzi, ambao stesheni yao ndipo reli ya Ruvu ilipoungana na ya Tanga mwaka 1963, wanajua kuwa njia hupimwa kabla ya kupitishwa.

Sasa simama kiwanjani na dira ya simu, mbali na mabati maana huipotosha. Setilaiti ya Azam iko longitudo ya nyuzi 7 mashariki, nasi tuko kwenye 38 na nusu. Kwa hiyo dishi lake hutazama magharibi, likielemea kaskazini kidogo tu, kwa mwinuko wa nyuzi 53 hivi. Mwembe ulio mita 6 upande huo, ukilizidi dishi kwa zaidi ya mita 8, umelifunga. Pima mwembe utakavyokuwa miaka kumi ijayo; usiukate kwa sababu ya mpira, sogeza dishi. Setilaiti ya DStv iko nyuzi 36, karibu na utosi wetu, na hapo adui ni ukingo wa paa na tawi linaloning'inia. Usikadirie kwa uso wa dishi, kwani madishi yetu ya kawaida hutazama juu zaidi ya yanavyoonekana.

Nguzo ya chuma iliyozikwa kwa zege uani, au ukuta imara unaofikika kwa ngazi, ni bora kuliko paa. Kwangu fundi alitoboa bati, na masika yakaufuata waya hadi kwenye dari. Doa lile ningali nalo. Usisahau waya wa ethi, radi za huku mnazijua.

Runinga iwe moja, sebuleni. Chumba cha watoto ni cha kulala na kusoma, na mzazi anayewawekea skrini kitandani amejinyang'anya mazungumzo nao. Kutoka sebuleni hadi dishini chimbia bomba ukutani, kona zake ziwe za mviringo, lipite mbali na nyaya za umeme. Ndani yake acha kamba ya kuvutia kebo, ncha zote mbili zifungwe msumarini, fundi wa plasta asije akazifukia.