Mtoto anapotaka ufagio

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tumeona tuzungumzie jambo ambalo kwa juu juu huonekana dogo, nalo ni mpango wa kazi za nyumbani na nafasi ya watoto wadogo katika kazi hizo. Tumelichagua kwa kuwa nyumba zetu nyingi huianza siku kwa makelele. Baba anatafuta soksi za mtoto, mama anafoka kutoka jikoni, gari la shule linapiga honi nje, na sala ya Alfajiri imesaliwa mbio mbio. Katikati ya vurugu hiyo yupo binti mmoja aliyeletwa kutoka kijijini. Ndiye anayedeki, anayefua, anayeosha vyombo na kuwavisha viatu watoto ambao pengine amewazidi miaka mitano tu.

Mtoto wa miaka miwili au mitatu huwa na hamu kubwa ya kazi. Akiona mtu anafagia, hutaka ufagio. Akiona maharage yanachambuliwa, hutia mkono katika ungo. Nasi humfukuza. "Nenda kacheze, unanichelewesha," ndivyo tusemavyo, na kwa hakika hatusemi uongo, kwani nusu ya maharage ataimwaga. Akifika miaka minane tunamwita aje afagie, naye hasikii. Hapo tunalalamika kwamba watoto wa siku hizi ni wavivu, tukisahau kwamba tulimfukuza kazini kwa miaka mitano mfululizo.

Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini anapokuwa nyumbani. Jibu lake, kama alivyolipokea Imam Bukhari, ni kwamba alikuwa katika kazi za watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukiingia hutoka kwenda kusali. Tunaomba akina baba walizingatie hilo. Ni nyumba ngapi ambamo binti wa miaka saba anaosha sahani ilhali kaka yake wa miaka kumi ananyoosha miguu mbele ya televisheni? Kijana huyo hakujizulia tabia hiyo. Amemwona baba yake akiita aletewe maji, na mtungi uko hatua tatu kutoka alipoketi.

Ama kuhusu namna ya kumtuma mtoto, tunaye Anas bin Malik (R.A.), ambaye alipelekwa kumtumikia Mtume (S.A.W.) akiwa na umri wa miaka kumi hivi, akakaa naye kiasi cha miaka kumi. Katika Sahihi Muslim anasimulia kwamba siku moja alitumwa, njiani akawakuta watoto wakicheza sokoni, akasimama. Mara akahisi ameshikwa kisogo kwa nyuma. Alipogeuka alimwona Mtume anacheka, akimwita kwa jina la kumdekeza na kumuuliza kama amekwenda alikotumwa. Anas akajibu kuwa ndiyo kwanza anakwenda. Hakupigwa wala hakutukanwa. Wangapi kati yetu tungecheka, chumvi ikiwa inasubiriwa jikoni?

Kuhusu ratiba, wapo wanaobandika karatasi ukutani. Si vibaya, lakini mtoto wa miaka minne hasomi karatasi wala saa. Adhana anaisikia. Surat An-Nur, aya ya 58, inawataka watoto wasiobaleghe wapige hodi katika nyakati tatu: kabla ya sala ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapopumzika, na baada ya Isha. Basi hata mtoto mdogo anaweza kuzijua saa za nyumba kwa sala. Baada ya Alfajiri akunje shuka lake. Akirudi chuoni Alasiri akunje nguo zilizokauka kambani; zikikunjwa mshazari, tuziache hivyo hivyo, kwani mama akizikunja upya mbele yake amemwambia kuwa kazi yake haina maana. Magharibi ina kazi zake katika Sunna: kuwaingiza watoto ndani, kufunga milango na kufunika vyombo. Na ndiyo saa ambayo mbu huanza kuingia.

Moto, mafuta ya moto na kisima tuviondoe kabisa katika orodha hiyo. Tukumbuke pia kwamba hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto kwa unyonyaji, na umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14, tena kwa kazi nyepesi. Kwa hiyo yule binti wa jikoni tumuulize umri wake, na tujiulize kwa nini hayuko shuleni pamoja na wanaovishwa viatu.

Tunaijua nyumba moja ambamo mtoto wa miaka minne amekabidhiwa kufunika mtungi wa maji kila Magharibi. Jioni moja palikuwa na wageni, wazee watupu, mazungumzo yamepamba moto. Adhana ilipolia, mtoto aliinuka, akapita katikati yao na kifuniko kikubwa kuliko kifua chake. Mzee mmoja akataka kumsaidia. Mtoto akakataa, akakifunika chombo chake kwa mikono miwili, kisha akaenda kutafuta ndara zake ili aongozane nao msikitini.