Anayetaka Kusomea Saikolojia Asiitupe Hisabati

Katika shule za upili za Mbooni, kama kwingine nchini, ratiba haina somo liitwalo saikolojia. Mwanafunzi anayetaka kuisomea chuo kikuu hujiandaa kwa kupitia masomo mengine, na hapo ndipo wengi hupotea njia. Husikia kwamba mwanasaikolojia ni mtu wa kuzungumza na watu, wakaamini kwamba hahitaji hesabu wala sayansi. Huja kugundua kosa hilo matokeo yakishatoka.

Chukua dodoso moja linalotumika sana duniani kupima sonona. Lina maswali tisa. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, hivyo jumla haizidi 27. Anayefikisha alama 10 huhitaji kuchunguzwa zaidi. Kwa nini 10 na si 8 au 12? Jibu linatokana na takwimu. Watafiti waliwapima watu wengi, wakalinganisha alama zao na uchunguzi wa wataalamu, kisha wakaona ni wapi mstari ungewakosesha wagonjwa wachache iwezekanavyo bila kuwahesabu wazima kuwa wagonjwa. Kazi ya namna hiyo ndiyo moyo wa saikolojia ya chuo kikuu. Mada ya uwezekano katika Kidato cha Tatu na ile ya takwimu katika Kidato cha Nne ni mwanzo wake.

Baiolojia nayo ina nafasi yake. Mada ya Kidato cha Nne kuhusu neva, ubongo na milango ya fahamu hurudi tena mwaka wa kwanza wa chuo, ikiwa nzito zaidi.

Lugha zisidharauliwe. Kaunti ya Makueni imekuwa uwanja wa tafiti za afya ya akili za taasisi iliyoanzishwa na Profesa David Ndetei. Katika mojawapo, wahudumu wa afya ya jamii, waganga wa kienyeji na viongozi wa dini walifundishwa kutambua dalili za sonona kwa watu wanaowahudumia. Mzee anayesema kichwa kinamuuma na usiku halali huenda asitaje huzuni hata mara moja. Anayeelewa Kikamba cha nyumbani, akaweza kuandika alichosikia kwa Kiswahili au Kiingereza sanifu bila kukipotosha, ana ujuzi ambao kitabu pekee hakiwezi kumpa.

Kwa walio Kidato cha Tatu na cha Nne, muda wa kubadilisha masomo umepita. Kilichobaki ni alama. Kujiunga na shahada kunahitaji wastani wa C+ katika KCSE, na tangu mtihani wa 2023 wastani huo hukokotolewa kwa Hisabati, lugha moja kati ya Kiingereza na Kiswahili, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Hisabati haikwepeki. Juu ya hapo, KUCCPS hupanga wanafunzi kwa alama za kundi la masomo manne zinazofikia 48, kwa hiyo watahiniwa wawili wenye C+ hawasimami lazima mahali pamoja kwenye foleni.

Waliojiunga na Gredi ya 10 Januari 2026 ndio wenye nafasi ya kuchagua. Mwanafunzi anaweza kuelekea saikolojia kupitia njia ya sayansi au ya masomo ya jamii. Anayefuata masomo ya jamii atasoma Hisabati, ila ile nyepesi zaidi. Kama shule inamruhusu kuchanganya, ni busara kubaki na Baiolojia.

Wazazi nao huuliza: je, huyu atakuwa daktari? La. Daktari wa magonjwa ya akili husomea udaktari kwanza, kisha akabobea, na ndiye huandika dawa. Mwanasaikolojia hupima, hushauri na hutibu kwa mazungumzo. Kazi yake inasimamiwa na Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014, inayomtaka asajiliwe. Shahada ya kwanza peke yake haimfikishi mtu kwenye tiba ya hospitali. Kwa hiyo, mathalani, Chuo Kikuu cha Nairobi hutoa shahada ya uzamili ya saikolojia ya kitabibu. Familia inayopanga karo ihesabu miaka hiyo pia.

Anayepata C- hadi C hajafungiwa mlango. Anaweza kuanza na stashahada ya ushauri nasaha na kupanda kutoka hapo, ingawa safari huwa ndefu zaidi.

Wakati huo huo, idara ya ushauri nasaha ya shule ni mahali pazuri pa kujipima. Mwanafunzi anayesaidia wenzake huko hujua mapema kama anaweza kumsikiliza mtu kwa nusu saa bila kumkatiza, na kama anaweza kutunza siri ya mwenzake hata bwenini.

Mwisho, jambo dogo linaloharibu mengi. Wakati wa maombi ya KUCCPS, wanafunzi wengi hutegemea saiba za Kikima au Tawa. Mwenye saiba ni wa kuandika tu, asimchagulie mtu kozi. Mwombaji afike akiwa na orodha yake, iliyo na jina la kila kozi, chuo na masomo yanayohitajika, na asiondoke kabla ya kusoma mwenyewe kilichoandikwa kwenye skrini.