Jiko, Kiporo na Ada: Maneno ya Sheria Ndogo za Chakula Kipikwacho Nyumbani

Katika makala haya tunakusudia kuyaangalia maneno machache yatumikayo katika sheria zinazohusu chakula kipikwacho nyumbani na kuuzwa kwa watu. Tumeichagua Bukene, katika Wilaya ya Nzega, Mkoa wa Tabora, si kwa kuwa ina sheria za namna ya peke yake, bali kwa kuwa ni mahali ambapo jambo hili huonekana waziwazi. Bukene ina stesheni katika njia ya reli itokayo Tabora, ile iliyofika Mwanza mwaka 1928. Treni inaposimama, mabeseni na sinia hutoka majumbani yakafika madirishani mwa mabehewa: wali, mihogo, karanga, mayai, maandazi. Muuzaji hana duka wala mgahawa. Alipika uani kwake alfajiri, naye atarudi uani kwake treni ikiondoka.

Mtu huyu anasimamiwa na sheria, na aghalabu haisomi. Akisomewa, husikia maneno ambayo kwake yana maana nyingine. Hapo ndipo kazi ya mfasiri na ya mtumishi wa halmashauri inapoingia, kwa sababu neno lililochaguliwa vibaya huweza kumtoza faini asiye na kosa, au kumwachia mwenye kosa aendelee kuwalisha watu maradhi.

Kwanza tuzitaje sheria zenyewe. Biashara kwa jumla iliwekewa Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972. Ubora wa chakula uliwekewa sheria yake mwaka 1978, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003. Mwaka 2019 kazi ya kusimamia usalama wa chakula ilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania. Usafi wa mahali watu wanapokula unaguswa pia na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Walakini sheria iliyo karibu zaidi na mpishi wetu ni ile iitwayo sheria ndogo, ambayo halmashauri ya wilaya, na hata halmashauri ya kijiji, hupewa uwezo wa kuitunga na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982. Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya sheria nchini, matini hizi zote zinahitaji maneno ya Kiswahili yaliyo imara, wala si maneno ya kukisia.

Istilahi yenyewe ya ‘sheria ndogo’ ina matatizo yake. Mwanasheria huelewa kuwa ni sheria iliyotungwa na mamlaka ya chini kwa uwezo aliopewa na sheria mama. Mwananchi husikia kuwa ni sheria isiyo na uzito, kama vile mtu asemavyo kosa dogo au deni dogo. Hatupendekezi kuibadilisha, maana imekwisha kuzoeleka. Lakini mwalimu anayeifundisha hana budi kueleza kuwa udogo huo ni wa mamlaka iliyoitunga, haumo katika adhabu.

Tuingie jikoni. Neno ‘jiko’ lina maana zaidi ya moja: ni chombo cha mkaa au cha mafuta ya taa, ni chumba cha kupikia, na kwa mzaha ni mke, kama tusemapo fulani amepata jiko. Mzaha tuuache. Maana mbili za kwanza ndizo zinazogombana katika sheria. Ikiandikwa kuwa ‘jiko liwe na mlango na madirisha’, maana ni chumba. Ikiandikwa katika kifungu kinachofuata kuwa ‘jiko lisafishwe baada ya kila matumizi’, je, mpishi aondoe jivu katika chombo chake, au aoshe sakafu na kuta? Na yule apikaye juu ya mafiga matatu chini ya kibanda kisicho na kuta, je, ana jiko au hana? Kwa sheria iliyoandikwa hivyo ataambiwa hana, ilhali anapika kila siku. Maoni yetu ni kuwa ‘jiko’ libaki kuwa chombo, na palipokusudiwa mahali paandikwe ‘mahali pa kupikia’, kwani maneno haya yanakubali chumba, kibanda na ua. Kisha sheria iseme inachokitaka hasa: mahali hapo pawe mbali na choo, pawe na maji safi, na chakula kifunikwe.

Moshi nao unataka hadhari. Gongo, katika sheria ya mwaka 1966 inayoihusu, huitwa moshi. Mtumishi atakayeandika kuwa ‘ni marufuku kutoa moshi mahali pa chakula’ anakusudia moshi wa kuni, lakini polisi wa kijijini huenda akasoma jambo jingine kabisa.

Tumefika sasa kwenye maneno yaliyotushughulisha kuliko yote, yaani yale ya chakula kilichoharibika. Mmoja wetu aliwahi kuletewa rasimu kutoka halmashauri moja ya magharibi, iliyokuwa na sentensi hii: ‘Mtu yeyote hataruhusiwa kuuza chakula kilichochacha.’ Rasimu ilisomwa mbele ya watu, na mzee mmoja akauliza kwa upole: ‘Na togwa je?’ Hapakuwa na jibu. Togwa haiwi togwa mpaka ichache. Maziwa ya mgando vivyo hivyo. Sentensi ile ingewafanya wauzaji wote wa togwa kuwa wahalifu, na kwa kweli ingekataza kimojawapo cha vyakula vya nyumbani vilivyo salama kuliko vingi, kwa kuwa uchachu wa togwa huzuia aina nyingi za vijidudu viletavyo kuhara.

Lugha yetu ina dawa ya jambo hili ndani yake yenyewe. Tunacho kitenzi ‘kuchacha’, nacho hueleza jambo linalojitokea lenyewe: maharage yamechacha, mchuzi umechacha, hakuna aliyetaka. Tunacho pia ‘kuchachusha’, ambacho kwa kiambishi chake cha kusababisha huonyesha nia ya mtu: ametia kimea, amesubiri, amepata alichokitaka. Basi chakula ‘kilichochacha’ kikatazwe, na chakula ‘kilichochachushwa’ kiruhusiwe kwa masharti ya usafi. Silabi mbili tu zinamtenga mpishi hodari na mpishi mzembe, na mfasiri aliyezoea kutazama kamusi bila kutazama minyambuliko atazipita bila kuziona.

‘Kiporo’ ni neno jingine lenye mitego. Kwa watu wengi kiporo ni chakula kilicholala, nacho hakina aibu. Wali wa jana ukipashwa moto asubuhi huliwa kwa furaha pamoja na chai. Kwa hiyo ‘kiporo’ si sawa na ‘chakula kilichooza’, na sheria inayokataza kilichooza haijakigusa kiporo. Lakini kiporo cha wali hasa kina hatari isiyoonekana. Yako mavijidudu ambayo mbegu zake hustahimili kupikwa. Wali ukiachwa katika uvuguvugu kwa saa nyingi huota na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto. Wali huo haunuki wala haubadiliki rangi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri kuwa chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida, au kihifadhiwe kikiwa na moto wa nyuzi zaidi ya 60. Kwa msafiri aliyenunua dirishani, treni ikiwa imechelewa na mpishi ameusubiri mlio wake tangu alfajiri, hili si jambo la kinadharia.

Hata hivyo tusikimbilie kuandika kuwa ‘chakula kilicholala kisiuzwe’. Unyamwezini na Usukumani kuna michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na matobolwa, ambavyo huchemshwa kwanza ndipo vikaushwe. Vyakula hivi hulala miezi, na ndivyo vilivyokusudiwa. Kinachodhuru si kulala. Ni kulala na majimaji. Tunapendekeza basi ‘kiporo’ kifafanuliwe katika sheria kuwa ni chakula kilichopikwa, chenye majimaji, kilichokaa bila moto wala baridi ya kukihifadhi kupita muda uliowekwa. Fasili ni ndefu, tunakiri, lakini neno lenyewe ni la watu, na afadhali neno la watu lenye fasili ndefu kuliko neno geni lisilo na fasili.

Kwa vyakula vikavu hatari ni nyingine, nayo imekwisha kupata jina zuri. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu itokanayo na kuvu. Wataalamu walikuwa na jina la kigeni, aflatoksini. Lakini neno lililoenea ni ‘sumukuvu’, na aliyelisikia mara moja hakuhitaji kufafanuliwa. Ni sumu, inatokana na kuvu. Muuzaji wa karanga akiambiwa azichague zilizoota kuvu na kuzitupa, anajua pia sababu yake. Laiti istilahi zetu zote zingeundwa hivyo.

Fedha nazo zina maneno yake, na hapa Bukene inatukumbusha historia ya nchi iliyo jirani nayo. Misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe na Ujiji iliishi kwa chakula cha vijiji vya njiani. ‘Posho’, neno tulilonalo hadi leo, lilikuwa chakula cha kila siku cha mpagazi. Misafara hiyo ililipa ‘hongo’ kwa watemi ili ipite. Hongo wakati huo ilikuwa malipo ya hadharani, yenye kujadiliwa mchana kweupe, na mambo ya njia na malipo yake yalikuwa miongoni mwa sababu za vita vya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe kuanzia mwaka 1871. Leo neno hilohilo lina maana ya rushwa. Tunalitaja kwa sababu mwananchi asiyejua anacholipia huona kila malipo kuwa hongo ya maana mpya.

Sheria haina budi kutofautisha. ‘Ada’ ni malipo ya huduma au ya hati, kama ya kupimwa afya au ya leseni. ‘Ushuru’ ni malipo ya kutumia soko au ya kupitisha bidhaa. ‘Tozo’, lililovuma mwaka 2021 kwa ajili ya miamala ya simu, ni jina la jumla mno, nasi tungependa lisitumike katika sheria ndogo. ‘Faini’ ni adhabu, nayo haitozwi kabla ya kosa. Tumeona stakabadhi zilizoandikwa ‘malipo’ tu. Stakabadhi ya namna hiyo haimlindi aliyelipa.

Limebaki jina la mpishi mwenyewe. Watu humwita mama ntilie, kutokana na ombi la mlaji, ‘mama, nitilie’. Maofisi hupendelea mamalishe, na wanaume wakaitwa babalishe. Mwezi Desemba mwaka 2018 vilipotolewa vitambulisho vya shilingi 20,000, aliitwa mjasiriamali mdogo, jina la heshima ukilinganisha na lugha ya miaka ya 1980, ambapo mchuuzi asiye na kibali alihesabiwa karibu na mzururaji. Kwa sheria, jina lolote kati ya haya lina kasoro: la kwanza ni la mtaani, la pili na la tatu hutenga jinsia, la nne halisemi habari ya chakula. ‘Mpishi wa kuuza’ lingetosha, ila halimwingizi mtoto anayetumwa na beseni hadi kwenye behewa, ambaye hakupika kitu. Tunawaomba walimu na watumishi walioko katika stesheni za njia hiyo watuletee neno wanalolisikia kwa mtu huyo.