Je, Mtoto Aweza Kulelewa Mirihi?

Katika baadhi ya miezi ya mwaka, jua linapokwisha kutua upande wa bara, nyota moja hutangulia zote kung'aa. Hiyo ndiyo Zuhura, nayo kwa hakika si nyota bali ni sayari, jirani wa dunia yetu. Mtoto anayeitazama akiwa barazani huuliza swali ambalo wataalamu nao wanaliuliza: je, binadamu anaweza kuishi huko?

Kwa Zuhura jibu ni fupi. Mwaka 1982 Warusi walituliza juu yake chombo kiitwacho Venera 13. Kilikuta joto la nyuzi 457, ambalo huyeyusha risasi, na uzito wa hewa unaokaribia mara 90 ya ule wa huku kwetu. Chombo hicho cha chuma kilidumu dakika 127, kisha kikanyamaza. Utaridi huungua mchana na kuganda usiku. Mshtarii na Zohali hazina hata ardhi ya kukanyaga. Inabaki Mirihi, ile sayari nyekundu, na ndiyo inayotajwa kila yanapozungumzwa makazi mapya ya binadamu.

Siku ya Mirihi inakaribiana na yetu: saa 24 na dakika 39. Barafu ya maji ipo. Lakini hewa yake ni nyembamba mno, haifiki hata sehemu moja kwa mia ya uzito wa hewa yetu, na takriban yote ni kaboni dioksidi. Mtu akitoka nje bila ya vazi maalumu hupoteza fahamu kabla dakika haijatimia. Wamarekani walipeleka huko mtambo mdogo, MOXIE, wa kutoa oksijeni katika hewa hiyo. Kuanzia mwaka 2021 hadi 2023 ulitoa jumla ya gramu 122. Ni hatua ya kusifiwa, ila kiasi hicho hakimtoshi mtu mzima mmoja hata kwa saa nne.

Na maisha ya ndani ya nyumba je? Mjini Houston, wanawake wawili na wanaume wawili walijifungia katika nyumba ya mfano wa Mirihi kuanzia Juni 2023 hadi Julai 2024, siku 378. Walipanda mboga, walitengeneza vilivyoharibika, na kila ujumbe waliotuma ulicheleweshwa kwa makusudi, kwani sauti kutoka Mirihi huweza kuchukua hadi dakika 22 kufika duniani. Sisi wa pwani tunaijua simu ya mtu aliye mbali. Wengi tuna jamaa walioko Ghuba. Lakini hebu fikiria kumwuliza mwanao, "Hujambo?", kisha ungoje zaidi ya nusu saa kulisikia jibu lake. Nao wale wanne walitoka wakiwa wazima. Hata hivyo, walikuwa wakivuta hewa ya Houston, na lau mmoja wao angeugua sana, mlango ungefunguliwa. Aliye Mirihi hungojea njia ya kurudi, ambayo hupatikana mara moja katika kila miezi 26 hivi, na safari yenyewe huchukua miezi sita au zaidi.

Yako pia mambo ya ibada ambayo msomaji wetu hatakosa kuyauliza. Daktari wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alipopaa Oktoba 2007, ilikuwa Ramadhani. Aliandaliwa mwongozo kwamba aielekee Kaaba akiweza; asipoweza, aielekee dunia; na hilo likimshinda, aelekee popote. Yeye alikuwa kilomita mia chache tu juu yetu. Huko Mirihi, mwezi ulio mkubwa kati ya miwili iliyopo, Phobos, huizunguka sayari kwa muda usiofika saa nane, ukichomoza magharibi na kutua mashariki. Kuuandama mwezi wa namna hiyo ni kazi nitakayowaachia mashekhe.

Hayo yote, hata hivyo, ni ya watu wazima waliochagua kwenda. Mama ana swali lake jingine. Uvutano wa Mirihi ni kiasi cha asilimia 38 ya ule wa duniani. Tunajua kuwa wasafiri wa angani, wakiwa hawana uzito kabisa, hupoteza takriban asilimia moja ya mifupa yao kila mwezi, ingawa hufanya mazoezi kiasi cha saa mbili kwa siku. Chombo cha Curiosity kimepima mionzi ya Mirihi: kwa siku nne hivi mtu hupata kiasi anachokipata duniani kwa mwaka mzima. Udongo wake nao una chumvi za perkloreti, zilizogunduliwa mwaka 2008, ambazo huizuia tezi ya shingo isipate madini ya joto. Na mama mjamzito anafahamu jinsi kliniki inavyosisitiza chumvi yenye madini hayo kwa ajili ya ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Wataalamu wa Japani walipeleka angani viinitete vya panya mwaka 2021, navyo vilikua kwa siku chache za mwanzo kama kawaida. Hapo ndipo ujuzi ulipofikia, kwani hakuna mtoto wa binadamu aliyewahi kuzaliwa nje ya dunia. Mtu mzima, kwa gharama kubwa na ndani ya nyumba iliyofunikwa udongo, naamini ataweza siku moja kukaa Mirihi mwaka au miwili akarudi. Mtoto atakayezaliwa na kukulia huko ni jambo jingine. Mifupa yake na moyo wake vitakuwa vimejengeka kwa wepesi wa huko, na huenda asiweze kusimama kwa miguu yake siku atakapoletwa duniani kumsalimu nyanya yake.