Kamusi ya Matuu: Mwanasiasa akisema 'maendeleo', shika mfuko wako!

Matatu ya kwenda Mwingi au Garissa ikisimama Matuu, abiria hana haja ya kushuka. Soko lenyewe humjia dirishani. Maembe, mapapai, ndizi na tikitimaji huinuliwa juu, na kila mchuuzi huapa kuwa lake ndilo tamu kuliko yote.

Lakini katika mji huu wa Yatta, Kaunti ya Machakos, kama ilivyo kote nchini, tunda si tunda tu. Uliza mtu yeyote aliyekuwa na kitambulisho cha kupigia kura mwaka 2005. Katika kura ya maamuzi ya mwaka huo, ndizi ilimaanisha 'ndiyo' na chungwa likamaanisha 'la'. Chungwa lilipata ushindi, na kutokana nalo kikazaliwa chama.

Miaka mitano baadaye, Wakenya walirudi debeni kupigia kura Katiba mpya. Safari hiyo, kijani ilikuwa 'ndiyo' na nyekundu 'la'. Wananchi hawakukawia kuongeza neno lao wenyewe: tikitimaji. Mwanasiasa aliyeitwa hivyo alikuwa kijani kwa nje na mwekundu kwa ndani. Hata Makamu wa Rais wa wakati huo, Kalonzo Musyoka, mwana wa Ukambani, alibandikwa jina hilo na mahasimu wake, ingawa alisimama majukwaani kupigia debe upande wa kijani.

Hakuna mtaalamu wa lugha aliyeketi ofisini kulitunga neno hilo. Lilitoka vinywani mwa watu, na kila aliyelisikia alilielewa papo hapo. Swali la leo, msomaji mpenzi, ni hili: je, mzaha wa namna hii ni upuuzi wa kupitishia wakati, au una kazi?

Maneno ya kugawiwa

Tusidhani kuwa mwananchi ndiye aliyeanza kuyachezea maneno. Wakubwa walimtangulia.

Huko Marekani, mwaka 1990, wanasiasa wa chama cha Republican, wale wanaojiita wahafidhina, waligawiwa waraka na kundi la GOPAC lililoongozwa na Newt Gingrich. Ndani yake mlikuwa na orodha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya maneno matamu ya kujisifia: familia, watoto, uhuru, ukweli. Ya pili ilikuwa ya maneno machungu ya kuwapaka wapinzani: wafisadi, wasaliti, uozo. Kazi ya mwanasiasa ilikuwa kuchota tu.

Mwaka 1994 Gingrich na wenzake walinadi ahadi zao kwa jina 'Mkataba na Marekani'. Wapinzani wao walibadilisha kineno kimoja tu, wakasema huo ni mkataba 'juu ya' Marekani. Katika lugha ya majambazi wa huko, kuweka mkataba juu ya mtu ni kumlipa muuaji ammalize. Wahafidhina hao hao waliichukua kodi inayotozwa mali za matajiri wanapofariki, wakaiita 'kodi ya kifo', hata maskini asiye na cha kurithisha akaanza kuiogopa.

Basi wacheshi nao wakajibu kwa kamusi zao za kejeli. Desturi hiyo si mpya. Mwandishi Ambrose Bierce alichapisha 'Kamusi ya Shetani' mwaka 1911, akayapa maneno ya heshima maana yanayofanana na matendo ya wanaoyatumia.

Jina zuri, jambo baya

Sisi wa huku hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta mifano. Ukambani una yake, na iliwagharimu watu ng'ombe na jasho.

Mwaka 1938 serikali ya mkoloni ilitangaza kuwa inataka kuokoa udongo wa Machakos, na kwa hivyo mifugo lazima 'ipunguzwe'. Neno pole kabisa. Maana yake kwa mfugaji ilikuwa kwamba ng'ombe wake wanachukuliwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama cha Liebig pale Athi River kikihitaji ng'ombe wa bei rahisi. Wakamba hawakudanganywa na neno. Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu hadi Nairobi, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Yeye alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini serikali ililazimika kulegeza amri ile.

Mfano wa pili unapita karibu na Matuu yenyewe. Mfereji wa Yatta, unaoleta maji ya Mto Thika na kunywesha mashamba ya eneo hili, ulichimbwa katika miaka ya 1950 na wafungwa wa vita vya Mau Mau waliowekwa vizuizini bila kuhukumiwa. Kwa lugha ya serikali, watu hao walikuwa 'wakirekebishwa'. Kwa lugha ya aliyeshika sururu juani, ilikuwa kazi ya lazima. Maji yangali yanateremka mferejini humo hadi leo. Neno lile zuri hakuna anayelikumbuka.

Baada ya Uhuru tulipata maneno yetu wenyewe. Rais Daniel arap Moi, aliyetawala tangu 1978 hadi 2002, alitupa 'Nyayo', yaani amani, upendo na umoja. Tuliimba shuleni na kupunga bendera. Lakini jina hilo hilo liliwekwa juu ya Jumba la Nyayo jijini Nairobi, ambalo vyumba vyake vya chini ya ardhi vilitumiwa kuwatesea wapinzani wa serikali. Orofani upendo, chini mateso!

Katika siku hizo mzaha ulikuwa jambo la hatari. Wahome Mutahi, mwandishi wa safu ya ucheshi ya 'Whispers' katika gazeti la Sunday Nation, alikamatwa na kutiwa gerezani mwaka 1986. Alipotoka aliendelea kuchekesha hadi alipofariki mwaka 2003. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu wa kundi la Redykyulass walimwigiza Rais kwenye televisheni, sauti na ishara zote, na familia nzima nzima zikaketi sebuleni kucheka kitu ambacho miaka 10 awali kilinong'onwa tu.

Kamusi yenyewe

Kwa kufuata nyayo hizo (nyayo za Mutahi, tafadhali), ukurasa huu unawaletea kamusi fupi ya msafiri anayepitia Matuu wakati wa kampeni. Ikateni mweke mfukoni.

AHADI: Deni lisilo na risiti. Hukopwa kila baada ya miaka 5.

AMANI: Hali ya mwananchi kunyamaza. Akiuliza swali moja tu, imevurugwa.

CHAP CHAP: Kasi ya kuweka jiwe la msingi. Haihusiani na kasi ya kujenga.

HARAMBEE: Karamu ambapo mheshimiwa hutoa kwa mkono wa kulia sehemu ya kile alichochukua mfukoni mwako kwa mkono wa kushoto, kisha unampigia makofi.

HASLA: Zamani, kijana anayehangaika kutafuta riziki. Tangu uchaguzi wa 2022, ni pia bwana anayeshuka kwenye helikopta kukueleza kuwa mnahangaika pamoja.

KITU KIDOGO: Hongo iliyofupishwa jina ili dhambi nayo ionekane fupi.

MAADILI YA KIAFRIKA: Jambo linalokumbukwa msichana akivaa suruali, na kusahaulika dawa za hospitali zikiibwa.

MAENDELEO: Tingatinga linaloonekana barabarani mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, na kutoweka siku moja baada yake.

MWANANCHI: Mtoto wa nchi. Asichanganywe na MWENYENCHI, ambaye ni mwenye nchi yenyewe.

NUSU MKATE: Mlo wa wakubwa wawili wakishapatana, kama ilivyokuwa mwaka 2008. Makombo ni ya aliyechomewa nyumba.

UKABILA: Mtu wa kabila jingine anapomwajiri binamu yake. Wa kwetu akifanya hivyo, 'amekumbuka watu wake'.

UZALENDO: Kulipa kodi bila kuuliza ilikokwenda.

VIJANA: Viongozi wa kesho. Kesho yenyewe haijawekewa tarehe.

Kicheko peke yake hakitoshi

Sasa tuweke mzaha kando kidogo. Kuna hatari katika kamusi za aina hii. Mtu hucheka, moyo ukatulia, akajiona tayari amepigana, kumbe amekaa pale pale. Mwanasiasa mwerevu hajali kuchekwa. Baadhi yao hulichukua jina la kejeli, wakalivaa kama shati la kampeni, na mambo yakaendelea.

Lakini kuna mfano wa karibuni unaoonyesha njia nyingine. Rais William Ruto alipoongeza kodi, wananchi walimpa jina la Zakayo, yule mtoza ushuru wa Biblia aliyepanda juu ya mkuyu. Lilikuwa jina la kuchekesha, na lingeweza kuishia hapo. Halikuishia. Mwaka 2024 vijana waliutafuta Mswada wa Fedha wenyewe, wakausoma kifungu kwa kifungu, na wengine wakaufafanua kwa Kiswahili na lugha za mama ili shangazi na babu vijijini wajue kinachotozwa. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni, na risasi zikafyatuliwa. Kesho yake Rais alitangaza kuwa hatautia sahihi mswada huo. Makumi ya watu walipoteza maisha katika maandamano ya majuma hayo. Vifo hivyo havina mzaha.

Somo ni kwamba mzaha ulifungua mlango, na kusoma ndiko kulikoingia ndani. Jina la Zakayo liliwafanya watu wasikilize. Vifungu vya mswada viliwapa la kusema.

Kwa hivyo, wazazi, jaribuni mchezo huu jioni ya leo taarifa ya habari ikisomwa. Kila mwanasiasa anapotamka neno zuri, mtoto mmoja alikamate na kulitolea maana yake kwa kuangalia matendo. Mwingine aulize maswali matatu: Ni nani atakayelipa? Ni nani atakayepata? Imeandikwa wapi? Wanafunzi wa sekondari watagundua kuwa swali la tatu ndilo gumu zaidi, na pia ndilo lenye faida zaidi.

Kule Matuu mnunuzi wa tikitimaji hasadiki rangi ya ganda. Hulipiga kofi, akalitegea sikio, na akiwa bado ana shaka huomba lipasuliwe aone. Mchuuzi hakasiriki, kwani ndiyo biashara. Mwanasiasa akikasirika tukimwomba alipasue neno lake tuone ndani, basi rangi yake tumekwisha kuijua.